Mti unaovua majani mvua ikinyesha

Mwezi wa sita nilipanda kwenda Chepsaita, upande wa Turbo, kaunti ya Uasin Gishu, kumzuru mtoto wa ami yangu ambaye miaka mingi sasa ananunua mahindi huko. Sisi watu wa Pwani tukifika kule cha kwanza kutupokea ni baridi, cha pili ni mahindi, mistari iliyonyooka hata jicho likachoka. Lakini safari hii mahindi yaliyozua ugomvi nyumbani yalikuwa ya kwenye karatasi.

Bintiye yuko Gredi ya 9 na anataka, akiingia sekondari ya juu, afuate mkondo wa sanaa na michezo. Baba mtu anataka sayansi. Ili nione upuuzi wenyewe, alinitolea mchoro wa mtoto: mistari ya kijani kilichokoza, mistari ya rangi ya udongo, na katikati mikanda myembamba myeupe. Basi.

"Ami yako ni mtu wa magazeti," akamwambia. "Hebu mwonyeshe mahindi yako wapi."

Mtoto alijibu kwa adabu, macho chini. "Ami, mvua ikinyesha maji husimama kati ya mistari ya mahindi. Ukitazama kutoka barazani, mbingu iko chini."

Jioni ile ilinyesha. Nikatoka barazani na shuka mabegani, nikatazama. Ilikuwa hivyo hasa.

Michoro ya namna hii huitwa sanaa dhahania, na wengi wetu tukiiona tunadhani mchoraji ameshindwa kuchora, au anatufanyia mzaha. Mara nyingine ni mzaha kweli, sikatai. Lakini mara nyingi mtu huyo ametazama kitu kimoja muda mrefu kuliko sisi, akaacha sura yake ya nje na kushika mpango wake: mistari inavyokwenda, mwanga unavyokaa, kilicho kizito na kilicho chepesi. Na sisi tusijifanye wageni. Mlango wa kuchongwa wa Lamu una maua yasiyo maua ya bustani yoyote. Fundi alitazama ua, akalipima kwa bikari, akalirudiarudia hadi likawa nakshi. Tunapita chini yake kila siku na hatumwulizi ua liko wapi.

Nilimsimulia binamu yangu habari za Ibrahim El-Salahi. Huyu alizaliwa Omdurman, Sudan, mwaka 1930, na babake alikuwa mwalimu wa Qurani. Mtoto alianza kwa kalamu na ubao wa chuoni kama tulivyoanza sisi. Miaka ya 1950 akaenda kusoma katika shule ya sanaa ya Slade, London, akarudi Khartoum na michoro yake ya Kizungu na kuifanyia maonyesho. Watu hawakuvutiwa. Badala ya kuwalaumu, alizunguka nchini akitazama watu wake wanapamba nini majumbani: mikeka, vikapu, hati za Kiarabu ukutani. Akaanza kutia herufi ndogo pembeni mwa picha zake, kisha herufi zikakua, kisha akazivunja. Ndani ya herufi zilizovunjwa zikatoka sura za watu, ndege na mimea. Na rangi akazipunguza hadi zikafanana na udongo wa nchi yake.

Mwaka 1975, akiwa mtumishi wa serikali katika mambo ya utamaduni, alifungwa miezi sita na zaidi kwa tuhuma za kuhusika na jaribio la mapinduzi. Gerezani kuchora kulikatazwa, akawa anachora kwenye vipande vya karatasi na kuvifukia mchangani.

Lakini lililomgusa binamu yangu, mtu wa shamba na soko, ni habari ya mti. Kando ya Nile huota mharazi, wa jamii ya migunga, ambao Waswahili wengine huuita mkababu. Mti huu hufanya kinyume cha wenzake. Mvua ikija unapukutisha majani na kusimama mtupu. Kiangazi kikikausha kila kitu, wenyewe unachanua kijani. El-Salahi aliutazama mti huu miaka mingi, na hasa baada ya kuhamia Oxford mwaka 1998 alichora picha nyingi zinazoitwa Mti. Ukizitazama huoni tawi wala jani la kawaida. Unaona mistari ya wima, pembe, visanduku vya rangi, na kitu kilichosimama wima katikati kisichokubali kuinama. Alichochora ni ule ukaidi wa mti. Mwaka 2013 jumba la Tate Modern, London, lilimfanyia maonyesho makubwa ya kazi za maisha yake yote.

Wakulima wanautazama mti huohuo kwa jicho lao. Kwa kuwa hauna majani msimu wa mvua, haumnyimi mwanga mmea ulio chini yake, na majani yaliyoanguka yanarutubisha udongo. Malawi na Zambia hupanda mahindi chini yake. Hapo binamu yangu alinikatiza: mbegu zake zinapatikana wapi?

Baadaye, baada ya isha, akaniuliza lile lililokuwa moyoni kweli: dini inasemaje? Mimi si shehe, na ninajua wanazuoni wametofautiana kuhusu kuchora viumbe vyenye roho. Nikamwambia mtoto wake hajachora chenye roho. Amechora shamba na maji. Akanyamaza. Hofu yake nyingine, ya riziki, sikuweza kumwondolea, maana ni ya haki. Wachoraji wanaoishi kwa brashi peke yake Kenya hii si wengi, na mzazi aliyebeba magunia hadi kumfikisha mtoto Gredi ya 9 ana haki ya kuuliza atakula nini. Ila nilimkumbusha kwamba anayeweza kukaa barazani siku nyingi akitazama maji kati ya mahindi ana kitu ambacho hata hiyo sayansi inakitafuta.

Hadi naandika makala haya hajakubali. Ila juzi alinipigia simu kuulizia bei ya debe la mahindi Mombasa, na kabla ya kukata akauliza kama rangi za maji zinauzwa rahisi Marikiti kuliko Eldoret.