Jifunze Kumfumia Mtoto Mchanga Kofia

Mama mjamzito wa Katwe, Nsambya na kwingineko Kampala: mtoto mchanga hupoteza joto upesi, hasa kichwa kikiwa wazi. Kofia ya kroshia humkinga, na hata anayeanza anaiweza.

Nunua uzi laini na sindano ya kroshia soko la Owino. Kwanza zoea kufuma mnyororo, usikaze uzi. Kisha unganisha vitanzi 4 viwe duara. Zunguka ukiongeza mishono mpaka kofia ifunike utosi, halafu endelea bila kuongeza hadi masikioni. Usitie kamba wala vifungo. Ifue kabla ya kumvalisha.

Miguu yake ikiwa baridi, mweke kifuani, ngozi kwa ngozi. Asipopata joto au akikataa kunyonya, mpeleke kituo cha afya mara moja.