Nasaba ya Mgagani na Ukali Wake

Wasomaji kadhaa wameniuliza kama ni kweli kwamba mgagani, ule uotao wenyewe kando ya mashamba na kutoa maua meupe, ni wa jamii moja na haradali, na kwamba kwa sababu hiyo unga wake huponya saratani na kisukari.

Juu ya nasaba, hata mabingwa walihitilafiana. Linnaeus aliuita Cleome gynandra mwaka 1753, na kwa zama ndefu ulihesabiwa katika jamii ya kapari. Kwani tunda lake, ijapokuwa ni refu na jembamba mfano wa la haradali, halina utando wa kuligawa sehemu mbili, na stameni zake sita zimeshikamana na kikonyo kirefu kilichobeba ovari. Mwaka 1998 jamii hizo zote zilikusanywa chini ya haradali. Mwaka 2002 Jocelyn Hall, Kenneth Sytsma na Hugh Iltis, walipochunguza DNA ya kloroplasti, walibainisha kwamba ukoo wa mgagani u karibu na haradali kuliko kapari. Na mwaka 2009 ukapewa jamii yake wenyewe, Cleomaceae. Hukumu hiyo naiona ya haki.

Udugu huo hata pua huutambua. Sugua jani bichi vidoleni, utasikia ukali wa haradali iliyosagwa. Katika jani zima, glukosinoleti, kemikali zenye sukari na salfa, hukaa mbali na kimeng'enya cha mirosinasi, na maadamu vimetengana hapana ukali. Lakini kiwavi akiuma, au mpishi akikata, seli hupasuka, viwili hivyo hukutana, kimeng'enya huiondoa sukari, na kinachosalia hugeuka aisothiosayaneti, ambayo humchoma mdudu na kumfukuza.

Mmea, basi, umejiundia kinga yake, haukumwandalia mgonjwa dawa. Wauza unga wanaotaja majaribio ya maabara juu ya seli kana kwamba ni tiba ya binadamu wanawalaghai watu walio taabani, na jambo hilo ni dhuluma. Hakuna unga wa mgagani uliothibitishwa kuponya saratani wala kisukari. Tena wapo wasemao kwamba dawa imo katika mchuzi wa kuchemshia, ilhali moto huiua mirosinasi, na bila hiyo aisothiosayaneti haiundwi mchuzini.

Upikeni upesi, kwa maji machache, maana vitamini C hupotea majini. Uchungu ukizidi, tieni maziwa kama ilivyo desturi magharibi mwa Kenya. Mwenye maradhi ya tezi ya shingo amuulize daktari kwanza. Na aliyekwisha kuanzishiwa matibabu ya saratani au kisukari, namsihi asiyaache kwa ajili ya unga huo.