Haki Zako Kazini (3): Tarehe ya likizo hupangwa na nani?

Wiki iliyopita tuliona nani anastahili likizo ya mwaka na kwa nini mtu aliyefanya kazi chini ya miezi sita, kwa kawaida, bado hajaifikia. Leo tunaingia kwenye swali ambalo nimeulizwa mara nyingi kuliko jingine lolote tangu nianze kuwashauri wafanyakazi: je, mwajiri anaweza kunichagulia lini niende likizo?

Dereva mmoja wa basi la mikoani alinijia na barua iliyokunjwa mara nne, imelowa jasho la mfuko wa shati. Kwao ni Rombo. Mwaka mzima alikuwa akingoja Desemba aende nyumbani na wanawe. Mbuzi ameshaagizwa na mama yake mzee ameshaambiwa. Barua ya ofisi ilisema likizo yake inaanza tarehe 3 Aprili, siku 17, "bila kukosa". Aprili ni masika, njia ya kwao ni tope tupu. "Mwalimu," aliniambia, "hii si dhuluma?"

Nilimjibu jambo ambalo hakupenda kulisikia. Kuhusu Aprili, sheria iko na mwajiri. Kifungu cha 31 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, kinampa mwajiri wa Tanzania Bara mamlaka ya kuamua likizo ya mwaka ichukuliwe lini. Na kampuni ya mabasi ina sababu iliyo wazi: Desemba ndipo nchi nzima inasafiri. Madereva wote wakipewa likizo mwezi huo, nani atawapeleka abiria makwao?

Lakini mamlaka hayo yana mipaka, na mipaka hiyo ndiyo wafanyakazi wengi hawaijui. Wanapigania tarehe, ambayo si yao, wanaacha kupigania vilivyo vyao. Nilimwomba yule dereva arudie kusoma barua yake, safari hii asiangalie mwezi, aangalie idadi ya siku.

Siku 17 zilitoka wapi? Miezi michache kabla, basi lake liliharibika injini likalala gereji siku 11. Ofisi ilimwambia akae nyumbani mpaka aitwe. Kumbe zile siku 11 ziliandikwa kwenye daftari kuwa ni likizo. Ishirini na nane ukitoa kumi na moja, zinabaki kumi na saba.

Hapo ndipo palipokuwa na dhuluma. Sheria inasema likizo ya mwaka isipungue siku 28 mfululizo. Inaruhusu siku hizo zipunguzwe kwa sababu moja: pale ambapo mfanyakazi mwenyewe, kwa ombi lake, alipewa ruhusa yenye malipo ndani ya mzunguko huo wa likizo. Mtu aliyeomba siku tatu akacheze ngoma ya harusi ya dada yake anaweza kukatwa hizo tatu. Dereva huyu hakuomba chochote. Injini ndiyo iliyoharibika, na injini ni ya mwajiri. Siku ambazo mfanyakazi yuko tayari kufanya kazi na kazi haipo, iwe umeme umekatika kiwandani, malighafi zimekwama bandarini au wageni hawapo hotelini, si siku alizoomba. Mwajiri anayeona kazi imepungua anaweza kumpangia mtu likizo yake kamili ianze wakati huo. Kuidonoa vipande vipande, siku mbili leo na tatu mwezi ujao, ni kuikata likizo ambayo sheria imeitaka iwe mfululizo.

Mpaka wa pili ni wa muda. Mwajiri anachagua tarehe, ila hawezi kuisogeza mbele bila kikomo. Chukua mtu aliyeajiriwa tarehe 1 Julai 2023. Mzunguko wake wa miezi 12 ulikamilika tarehe 30 Juni 2024. Kuanzia hapo mwajiri alikuwa na miezi sita ya kumpa likizo ile, yaani hadi mwisho wa Desemba 2024. Angeweza kufika hadi miezi 12, Juni 2025, kwa masharti mawili yanayokwenda pamoja: mfanyakazi awe amekubali, na mahitaji ya kazi yawe yanahalalisha kuchelewa huko. Kauli ya "tuna kazi nyingi, tutaona mwakani" haitoshi, na kunyamaza kwako si kukubali.

Msomaji, hapa naomba uwe makini sana, kwa sababu mpaka huu unamkata pia mfanyakazi. Sheria hiyohiyo inasema asiyechukua likizo ndani ya vipindi hivyo hana haki ya kudai fedha za likizo hiyo pale ajira inapokoma. Nimekutana na watu waliofanya kazi miaka mingi bila kupumzika, wakiamini wanajiwekea akiba, kwamba siku ya kustaafu watalipwa likizo zote kwa mkupuo. Waliondoka na masikitiko. Kwa hiyo omba likizo yako kila mwaka kwa maandishi, hata kama unajua utakataliwa. Ile fomu iliyoandikwa "haijakubaliwa" na kugongwa mhuri ni ushahidi kwamba hukuiacha likizo kwa hiari yako.

Kuna hesabu nyingine inayowaumiza watu kimyakimya. Zile siku 28 ni siku za kalenda, Jumapili zimo na sikukuu zimo. Mtu aliyepangiwa likizo kuanzia tarehe 9 Desemba humaliza tarehe 5 Januari, na ndani yake zimemezwa siku ya Uhuru, Krismasi, siku inayofuata Krismasi na Mwaka Mpya. Aliyepangiwa tarehe 1 hadi 28 Novemba hakupoteza sikukuu hata moja. Si kosa la mwajiri, sheria imesema hivyo. Ila anayeililia Desemba ajue anachokipata.

Likizo ya mwaka pia haiwezi kutumiwa kuziba likizo nyingine. Mama aliyejifungua ana siku zake 84, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Mgonjwa mwenye cheti cha daktari ana likizo ya ugonjwa, na aliyefiwa na mzazi ana siku zake. Mwajiri anayemwambia mgonjwa "basi hizo tutazihesabu kwenye likizo yako ya mwaka" anavunja sheria, hata kama mgonjwa mwenyewe ameitikia kwa unyonge. Vilevile mshahara wa kipindi cha likizo hulipwa kabla likizo haijaanza. "Likizo bila malipo" ambayo hukuiomba si likizo ya mwaka kwa jina lolote.

Jambo moja naliona ni pengo, na nalisema waziwazi. Mkataba Na. 132 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1970, ambao Kenya imeuridhia, unamtaka mwajiri apange tarehe baada ya kushauriana na mfanyakazi au wawakilishi wake, na afikirie pia nafasi ya mtu huyo kupumzika. Kifungu chetu cha 31 hakisemi neno juu ya kushauriana. Mtu anaweza kupewa barua jioni inayosema kesho uko likizo. Mpaka Bunge litakapolirekebisha hilo, dawa iko kwenye mkataba wa hali bora: chama chenu kinaweza kudai ratiba ya likizo itoke mapema, na waliokosa Desemba mwaka huu wapewe kipaumbele mwaka ujao. Tawi lililolala haliwezi kudai hayo.

Yule dereva tulimwandikia barua ya ukurasa mmoja kwa mwajiri wake. Hatukugusa habari ya Desemba. Tulitaja kifungu, siku 11 za gereji, na ombi kwamba aonyeshwe fomu aliyojaza kuomba siku hizo. Fomu haikuwepo. Alikwenda Rombo Aprili, kwenye tope, kwa siku 28, mshahara ukiwa mfukoni.

Ingekuwa ofisi imekataa, angepeleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, kwa kujaza Fomu Na. 1. Kwa mgogoro wa aina hii, usiohusu kuachishwa kazi, muda ni siku 60 tangu mgogoro ulipoanza. Ukichelewa, utalazimika kwanza kuomba kibali na kueleza kwa nini ulichelewa. Wiki ijayo tutaangalia mtu anayeitwa arudi kazini akiwa katikati ya likizo. Kabla ya hapo, nenda kaombe kuona daftari la likizo la ofisini kwenu, uhesabu mwenyewe siku zako.