Je, Wajua? Glopu mbili za projekta ya slaidi

Songea iliunganishwa na gridi ya Taifa mwaka 2018, kwa njia ya msongo wa kilovolti 220 kutoka Makambako. Mwenye projekta ya slaidi ya zamani pale Ruhuwiko, mjini Songea, hana tena haja ya kusubiri jenereta. Kinachomsumbua ni glopu: atafute ya kawaida ya zamani au ya halojeni?

Je, wajua kwamba zote mbili zinawaka kwa waya uleule? Ni tangsteni, metali inayoyeyuka kwenye nyuzi joto 3,422 za Selsiasi.

Je, wajua kwa nini glopu ya kawaida huwa nyeusi ndani? Waya ukiwaka hutoa mvuke wa tangsteni, nao huganda kwenye kioo. Picha ukutani hufifia siku hadi siku, na waya huzidi kukonda. Nyingi za projekta zilitengenezwa zidumu saa 25 tu.

Je, wajua kwamba halojeni huurudisha mvuke huo? Elmer Fridrich na Emmett Wiley wa General Electric, waliopewa hataza mwaka 1959, walitia iodini kidogo ndani ya glopu. Iodini huunasa mvuke karibu na kioo na kuurudisha kwenye waya. Ila tangsteni hairudi palepale ilipotoka, ndiyo maana hata halojeni mwishowe hukatika.

Je, wajua kwamba mzunguko huo unahitaji kioo chenye joto la nyuzi 250 au zaidi? Kwa hiyo glopu ni ndogo, ya kwatsi. Usiishike kwa vidole vitupu: chumvi ya jasho huharibu kwatsi ikipata moto. Ukiigusa, ifute kwa spiriti kabla ya kuiwasha.

Je, wajua kwamba volti ndogo ina faida? Halojeni ya volti 24 na wati 250 hupitisha zaidi ya ampea 10, hivyo waya wake ni mnene na mfupi. Mwanga hutoka sehemu ndogo, na lenzi huukusanya kwa urahisi.

Je, wajua kwamba umeme ukizidi asilimia 5 tu, maisha ya glopu hupungua karibu nusu? Hilo huzikumba zote mbili. Umeme wa mtaani ukipanda na kushuka, weka stabilaiza.

Je, wajua kwamba Kodak iliacha kutengeneza projekta za slaidi mwaka 2004? Glopu zake bado zinauzwa, lakini usinunue kwa kukisia. Projekta ambayo glopu yake hupata umeme wa nyumbani moja kwa moja haina transfoma ya volti 24, na halojeni ya volti 24 itaungua papo hapo. Soma kibandiko cha mashine: volti, wati na aina ya kitako. Vyote vitatu vikilingana, agiza.