Taa ya Kidumu cha Maziwa

Mama unayelea familia Marekani, ikikaribia Halloween, 31 Oktoba, watoto watataka nyumba ipambwe kama ya jirani. Si lazima ukanunue mapambo dukani. Chukua kidumu cheupe cha maziwa kilichokwisha, kioshe, kikauke. Mtoto akichoree macho na mdomo kwa kalamu nene nyeusi. Wewe ukate tundu nyuma, utie tochi ndogo ndani. Kikiwekwa gizani, uso wote hung'aa.

Mshumaa usitumie, hata ndani ya boga lililochongwa. Mavazi marefu ya watoto siku hiyo hushika moto upesi. Mtoto akiungua, mmwagie maji baridi ya bomba kwa dakika 20. Usimwekee barafu, wala usimpake mafuta au dawa ya meno. Jeraha likiwa kubwa, mwahishe hospitali. Furaha ya watoto isiishie wodini.