Fahamu: Damu inasema nini kuhusu lupasi?

Mtu wa Manundu, mjini Korogwe, akishikwa na homa, uchovu na maumivu ya viungo, cha kwanza kushukiwa ni malaria. Si ajabu, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) ina kituo Korogwe kilichoitafiti malaria kwa miaka mingi. Lakini lupasi, ugonjwa ambao kinga ya mwili huushambulia mwili wenyewe, huweza kuja na dalili hizohizo, hasa kwa wanawake walio katika umri wa kuzaa.

Kipimo cha ANA, kinachotafuta kingamwili dhidi ya viini vya seli, husaidia kuutambua ugonjwa. Ukishatambuliwa, kukirudia kila kliniki ni kupoteza fedha. Kinachofuatiliwa ni kingamwili dhidi ya dsDNA (DNA ya nyuzi mbili), ambazo mara nyingi hupanda ugonjwa unapochachamaa, na protini za kinga za C3 na C4, ambazo hushuka kwa kuwa zinatumika katika mashambulizi hayo. CRP, protini inayopanda mwilini penye uvimbe au maambukizi, ikiruka sana, daktari hutafuta kwanza maambukizi.

Wapo ambao vipimo vyao huvurugika nao hawana dalili yoyote. Hao huangaliwa kwa karibu, hawaongezewi dawa kwa sababu ya karatasi ya maabara tu. Na kipimo ambacho mimi nisingekiacha wala si cha damu: ni cha protini kwenye mkojo. Ni rahisi, na huweza kuonyesha figo zinaumia kabla miguu haijavimba.