Kuzima mizigo mikubwa ya umeme kutoka mbali ili kuipunguzia transfoma ya mtaa

Inapotimia saa moja usiku katika kata zenye baridi, karibu kila nyumba hufanya mambo yaleyale kwa wakati mmoja. Taa huwashwa, runinga hufunguliwa kwa ajili ya taarifa ya habari, jiko la presha la umeme huchemsha maharage, na heita hupasha maji ya kuoga. Fyuzi ya transfoma ikizidiwa hukatika, na mtaa mzima huingia gizani. Zahanati iliyounganishwa kwenye transfoma hiyohiyo nayo huingia gizani pamoja na jokofu lake la chanjo, ambalo joto lake halipaswi kutoka kati ya nyuzi 2 na 8 za Selisiasi.

Mara nyingi lawama huelekezwa kwenye upungufu wa umeme nchini. Zipo nyakati ambapo lawama hiyo ilistahili, na wakazi hawajasahau mgao wa mwaka 2006 wala ule wa 2011. Hata hivyo, Bwawa la Julius Nyerere lina mitambo 9 yenye uwezo wa megawati 235 kila mmoja, yaani megawati 2,115 kwa jumla, na wingi huo wa umeme huko Rufiji haupanui transfoma iliyo juu ya nguzo ya mtaa. Uwezo wa transfoma ni uleule iliotoka nao kiwandani.

Hesabu yake si ngumu. Chukulia transfoma ya kVA 100 inayohudumia nyumba 80. Taa, runinga na chaji za simu za nyumba moja zikitumia wati 300, nyumba zote kwa pamoja hutumia kilowati 24 tu, na transfoma haioni taabu. Nyumba 30 kati ya hizo zikiwasha heita za kilowati 3 kwa wakati mmoja, zinaongezeka kilowati 90, na jumla inakuwa 114. Hapo mzigo umekwisha kupita uwezo, na bado majiko hayajahesabiwa. Majiko hayo yataongezeka, kwa kuwa Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa mwaka 2024 umelenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034.

Si kila mzigo unaoweza kusubiri. Maharage yaliyokwisha kuwekwa jikoni hayasubiri, wala mwanafunzi anayejisomea hawezi kuambiwa akae gizani. Maji ya moto husubiri. Tangi la heita lenye lita 50 za maji ya nyuzi 20 huhitaji takribani uniti 2.3 ili kufikia nyuzi 60, kazi ambayo heita ya kilowati 1.5 huimaliza kwa muda wa saa moja na nusu. Likipashwa saa kumi jioni, nalo limefunikwa vizuri, maji yatakuwa bado na moto wa kutosha saa tatu usiku. Pampu ya kupandisha maji kwenye tangi la juu nayo yaweza kufanya kazi usiku wa manane bila mtu kupungukiwa na kitu. Jokofu, mlango wake ukibaki umefungwa, huhifadhi ubaridi kwa muda wa saa 4 hivi.

Nchi nyingine zilikwisha kulitumia jambo hili zamani. New Zealand ilianza katika karne iliyopita kuzima matangi ya maji ya moto majumbani kwa ishara inayopitishwa kwenye nyaya zilezile za umeme. Nchini Ufaransa ishara ya hezi 175 husafiri juu ya umeme wa hezi 50 na kuziamuru heita ziwake usiku. Baadhi ya manispaa za Afrika Kusini hutumia njia ya namna hiyohiyo. Aliye nyumbani hagusi chochote, na aghalabu hata hatambui kwamba heita yake ilizimwa.

Mkazi wa kata hahitaji kusubiri mfumo mkubwa wa namna hiyo. Madukani kuna swichi zinazoamriwa kwa ujumbe mfupi wa simu au kwa intaneti, pamoja na saa za umeme zinazozima na kuwasha kwa wakati uliopangwa. Kwa nyumba nyingi saa ya umeme yatosha, tena ni rahisi kuliko simu: haihitaji mtandao, wala haisahau. Swichi ya simu humfaa zaidi yule ambaye ratiba yake hubadilika, au aliyetoka nyumbani akakumbuka njiani kwamba heita inawaka.

Ndani ya swichi hizo kuna rilei, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Heita ya kilowati 3 kwenye umeme wa volti 230 huvuta ampea 13. Rilei iliyoandikwa ampea 10 itaiwasha heita hiyo leo na kesho, kisha siku moja ncha zake zitayeyuka na kushikana. Tangu hapo simu itaonyesha kwamba heita imezimwa, ilhali inawaka. Njia iliyo salama ni kuiacha rilei ndogo iamuru kontakta, kwa mfano ya ampea 25, na kontakta ndiyo ibebe mzigo wa heita. Pasi na jiko la koili visiwashwe kamwe kutoka mbali, hata kama swichi yaweza kuvimudu, kwa sababu hakuna ajuaye ni kitu gani kimewekwa juu yake.

Jambo ambalo husahauliwa zaidi ni dakika chache baada ya umeme kurudi. Baada ya saa mbili za giza, matangi yote yamepoa na majokofu yote yamepata joto. Kila kimoja hudai umeme papo hapo, na mota zinapoanza kuzunguka huvuta mara kadhaa ya kiasi chake cha kawaida. Ndiyo maana fyuzi iliyobadilishwa hivi punde hukatika tena, na fundi hulazimika kuupanda nguzo ule ule mara ya pili. Kwa hiyo swichi ipangwe ibaki imezimwa umeme unaporudi, na heita ziwashwe kwa kupishana: nyumba hii baada ya dakika 20, ile baada ya 40. Jokofu lisubiri walau dakika 5, ili kompresa yake isianze kazi ikiwa bado imebanwa na shinikizo.

Kupasha maji mapema hakupunguzi sana uniti za LUKU, kwa kuwa kiasi cha joto kinachohitajika hakibadiliki. Faida yake iko kwenye transfoma, nayo huonekana pale tu nyumba nyingi zinaposhiriki. Nyumba moja peke yake hainusuru mtaa. Katika nyumba yenye wapangaji wanaochangia LUKU moja, saa za kuzima heita zikubaliwe na wote na kubandikwa karibu na mita. Kazi ya kufunga kontakta ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA, upande wa nyumba baada ya mita, na swichi kuu ya mkono ibaki mahali ambapo kila mtu wa nyumbani anaweza kuifikia.